Raundi ya Mgeni

Katika chumba cha Nyaga pale Majimbo, mjini Embu, kulikuwa na mashine mbili za mchezo wa kupigana, na mwaka huo wa tisini na saba kila mtu alitaka moja tu.

Ile mpya tuliiita Moto. Pedi zake zilikuwa na batani nyingi, na wapiganaji walikuwa zaidi ya ishirini. Ukizungusha kidole gumba na kubonyeza upesi, mtu wako anatema moto, au anaruka juu kupita paa, au anageuka chui. Hata aliyeingia siku ya kwanza bila kujua chochote, akibonyeza ovyo, kitu kilitokea na watu wakapiga makofi. Vijana walisimama foleni mpaka nje kwa muuza viazi.

Ile ya zamani tuliiita Fimbo. Kaseti yake ilikwama ndani tangu siku Nyaga alipoinunua, haikutoka tena, kwa hivyo mchezo wake ulikuwa huo mmoja milele. Wanaume wawili wamesimama juu ya daraja, kila mmoja na fimbo ndefu. Unaweza kwenda mbele, kurudi nyuma, kukinga na kupiga. Basi. Hakuna kuruka. Fimbo ikimgusa mmoja, mahali popote, raundi imeisha. Sekunde sitini zikipita bila mtu kuguswa, wote wawili wanainamiana na mnaanza upya.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika majina ubaoni kwa chaki, kuita zamu, kufagia, na kupangusa pedi, maana vijana walikuja na mikono ya mafuta ya viazi. Nilimaliza darasa la nane kwetu Kiritiri na nikapita, lakini mwaka ule mvua haikunyesha na sekondari ikabaki ni neno tu. Nikachunga mbuzi miaka miwili. Halafu shangazi akanitafutia hiyo kazi. Nilikuwa nimezoea kukaa mahali pamoja na kuangalia, kwa hivyo haikunisumbua.

Aliyecheza Fimbo alikuwa mtu mmoja, mzee Njue. Alikuwa askari wa usiku kwenye kiwanda cha kahawa. Kila asubuhi saa tatu alifika na koti lake zito, akaegemeza rungu lake mlangoni, akakaa kwenye benchi la Fimbo na kucheza na yeyote aliyechoka kungojea zamu ya Moto. Baada ya saa moja aliinuka, akaenda kulala. Sikuwahi kumwona akishindwa.

Wiki ya kwanza nilidhani nimeshamaliza kumjua. Mambo aliyoyafanya yalikuwa manne, kwa sababu mashine ilikuwa na manne tu. Niliyaandika nyuma ya daftari la zamu, mistari minne, nikaona huu ni mchezo mdogo kuliko kupika ugali. Asubuhi moja chumba kikiwa kitupu nikamwomba nicheze naye. Akanishinda mara kumi na moja. Kilichonisumbua si kushindwa. Kilichonisumbua ni kwamba nilijua kila kitu alichoweza kufanya, na bado.

"Mzee," nikamuuliza, "kuna batani umenificha?"

Akanipa pedi yake. "Hesabu mwenyewe, Wawira."

Nikahesabu. Zilikuwa zilezile.

Tangu hapo nikaanza kumwangalia sawasawa. Niliona kwamba hapigi sana. Niliona anasogea nusu hatua mbele, anarudi, anasimama, kama mtu anayepima kitambaa. Halafu mwenzake anapiga. Anapiga hewa, pale ambapo Njue alikuwa, na kabla fimbo haijarudi mwenzake ameshaguswa. Hilo nililiona mara mia. Lakini kwa nini yule mwenzake apige saa ileile, kama aliyeitwa jina? Hilo sikuliona. Nilikaa nalo miezi minane. Nilikuwa nikilala naliwaza, nikiosha vyombo naliwaza. Shule yangu ilikatika kabla sijaelewa mambo mengi, na hili nilitaka nilielewe mpaka mwisho.

Basi Alhamisi moja Nyaga akaingia na kamba mkononi, akaanza kuipima ile Fimbo upande kwa upande.

"Jumamosi fundi anakuja kutoka Runyenjes," akasema. "Anaifungua, anatoa vyuma vya kutengenezea redio. Hapa nitaweka Moto ya pili."

"Bosi, Fimbo iko na mtu wake."

"Mtu. Umesema mwenyewe, mtu. Mmoja. Hata shuka ninayoifunikia usiku inalia upweke." Alikuwa anapenda utani, lakini uso wake haukucheka. "Wawira, watu wanataka kuona moto. Hawataki kuona wazee wawili wakichungulia mto."

Nikamwambia ni kwa sababu hawajakaa vizuri nayo. Akacheka sasa.

"Haya. Nionyeshe mtu mmoja, mbali na Njue, ambaye atakaa kwenye hilo benchi kwa kupenda kwake mpaka ufunge mlango jioni. Mmoja tu, kabla ya Jumamosi. Fundi nitamrudisha."

"Mimi nitakaa."

"Wewe nimekuajiri kukaa. Huhesabiki."

Kwa hivyo nilibaki na Ijumaa.

Ijumaa asubuhi nilimweleza mzee Njue. Alisikiliza huku akivua koti, akasema, "Kumbe," akakaa kucheza peke yake na mashine. Niliwaomba vijana wawili wajaribu. Mmoja alikaa raundi tatu. Mwingine aliguswa mara mbili akaniuliza kama nina uhakika pedi si mbovu.

Saa nne, Njue akikaribia kuinuka, ikasimama pick-up ya miraa nje, tupu, imetoka Nairobi inarudi Meru. Wakashuka wawili. Dereva aliitwa Mwiti, na mwenzake Kiogora, kijana mrefu wa Muthara, kulekule Meru, aliyefanya kazi ya kufunga miraa. Tulikuwa tumesikia habari zake. Walisema pale Meru mjini, karibu na soko la Gakoromone, hakuna aliyekubali tena kukaa naye kwenye Moto. Nilipomwona vidole nikaelewa. Mtu anayefunga vitita mchana kutwa kwa maganda ya mgomba, vidole vyake havina usingizi.

Alimaliza chumba chote. Nthiga, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa Moto hapo kwetu, alishindwa mara nne akaenda kusimama dirishani kana kwamba anaangalia hali ya hewa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemimina chai ya wageni. Ilikuwa haijapoa.

"Embu imeisha?" Kiogora akauliza.

"Embu imelala," Mwiti akasema. "Twende, baite, ndugu yangu. Mzigo wa leo hautajifunga."

Kiogora akanyoosha mgongo, macho yake yakafika kwenye benchi la nyuma. "Na hiyo ni ya nini?"

"Fimbo," nikasema.

"Inafanya nini?"

"Mbele, nyuma, kinga, piga."

Akangoja niendelee. Alipoona nimemaliza akacheka, si kwa ubaya. "Dada, hiyo ni ya kulaza watoto."

Pale kwa Nyaga tulikuwa na desturi. Mtu akitoka mbali, raundi yake ya kwanza mwenyeji hampigi. Ilianza siku vijana wa Chuka walipokasirika karibu wavunje kiti, na Nyaga akasema kuanzia leo mgeni anapewa yake ya kwanza, halafu ndiyo mnaoneshana. Kwenye Moto mwenyeji alikuwa anasimama tu, anapigwa, watu wanacheka, chai inaletwa. Kiogora alikuwa ameshapewa yake huko na Nthiga. Kwenye Fimbo hakuna mgeni aliyewahi kukaa.

"Kila mashine ina raundi yake ya mgeni," nikasema. Hilo nililitunga saa hiyohiyo. "Ukiondoka bila kuichukua utatuaibisha."

Mwiti akaguna. Kiogora akatazama chai yake, akaibeba, akaja kukaa.

"Umetoka Muthara?" Njue akamuuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Mvua iko?"

"Iko, si mbaya."

"Basi karibu. Hii ya kwanza ni yako."

Moyo wangu ulikuwa chini kabisa. Nilijua litakalotokea. Njue atasimama, mgeni atamgusa, atasema asante, ataondoka, na kesho fundi atakuja na bisibisi yake.

Raundi ikaanza. Kiogora hakuweka hata kikombe chini. Akaenda mbele, akapiga kwa mkono mmoja. Fimbo ikapita mbele ya kifua cha mtu wa Njue, ikarudi. Akapiga tena. Ikapita. Akatabasamu, akaweka kikombe sakafuni, akashika pedi kwa mikono miwili.

Njue hakupiga. Kidole chake cha kupigia alikuwa amekiweka juu ya goti, watu wote wakikiona. Alibaki na mbele, nyuma na kinga.

Sekunde ishirini. Kiogora hakuwa anatabasamu tena. Alianza kudanganya, anakwenda kama atakayepiga halafu hapigi, anasimama, anapiga mbili mfululizo. Vidole vyake vilikuwa vikienda kama mvua juu ya mabati. Na kila fimbo ilipofika, mtu wa Njue alikuwa ametoka, lakini hakuwa ametoka mbali. Alitoka kiasi cha unene wa fimbo, basi. Nilidhani nimeshaona kila kitu cha Njue katika miezi minane. Sikuwa nimeona kitu. Wale aliokuwa akicheza nao walikuwa wakishindwa mapema mno, hawakumpa sababu ya kuonyesha.

Sekunde arobaini. Kiogora alimsukuma mpaka ukingo wa daraja, pale ambapo hakuna kurudi nyuma. Nikasema moyoni, sasa anaguswa. Njue akasogea mbele. Alimwendea yule anayempiga, akaingia karibu mpaka fimbo ndefu ikakosa nafasi ya kugeuka, akapita ubavuni pake kidogo kidogo akikinga, akarudi katikati ya daraja. Kwa batani tatu. Zile nilizoziandika nyuma ya daftari.

Halafu wote wawili wakasimama. Sekunde nane nzima hakuna aliyesogea. Mtu akiingia mlangoni wakati ule angedhani mashine imekwama. Lakini nilikuwa nikitazama mikono yao, na mikono ya Kiogora ilikuwa inaanza, inaacha, inaanza, inaacha. Alikuwa amepiga mara kumi ndani ya kichwa chake, na mara kumi ameona itapita. Nilisikia upepo wa feni. Ndipo nilipojua kwamba kwenye Moto pia kumekuwa kimya. Vijana walikuwa wamegeuza viti. Nthiga alikuwa amesahau dirisha.

Kengele ikalia. Wale wanaume wawili wa darajani wakainamiana.

"Hukupiga hata moja," Kiogora akasema.

"Ilikuwa yako."

"Lakini sikuipata."

"Nilikupa nafasi," Njue akasema. "Kuipata ni kazi yako."

Kiogora alimtazama yule mzee mwenye koti, akatazama rungu mlangoni, akatazama pedi yake kwa nyuma, vile nilivyofanya mimi siku ile. Nilijua anahesabu.

"Sasa piga," akasema.

Raundi iliyofuata haikufika sekunde tano. Iliyofuata tatu. Mara ya tisa Kiogora alikuwa ameegemea mbele mpaka pua karibu iguse kioo, na hakuwa akisema kitu isipokuwa "tena". Mara ya kumi na nne akakinga vizuri, moja, na Njue akasema "mm", na yule kijana akageuka kuangalia kama tumesikia, kama mtoto aliyewekewa alama nzuri kwa kalamu nyekundu.

Nje Mwiti alikuwa anapiga honi. Mwishowe akaingia.

"Kiogora. Gari."

"Nenda."

"Niende? Nimwambie nini tajiri?"

"Mwambie nimepata pancha."

"Gari ndilo hupata pancha, si mtu."

"Basi mwambie ya kichwa."

Mwiti alisimama akaangalia raundi mbili. Akasema, "Hawa hata hawaruki," akaondoka kweli. Tulisikia pick-up ikipanda kuelekea barabara kuu.

Saa saba mzee Njue akaweka pedi chini. Alikuwa hajalala tangu jana jioni, mpaka macho yamekuwa mekundu. "Nimechelewa kulala," akasema, kama mtu aliyechelewa kazini. Akamuaga Kiogora kwa mkono, akachukua rungu, akatoka.

Saa saba. Mlango ulikuwa unafungwa saa kumi na mbili. Nilihesabu hizo saa tano zilizobaki, na Kiogora naye alikuwa amenyanyuka nusu. Pale mbele Nthiga alikuwa anampungia mkono, "Njoo buda, njoo unifunze ile ya chui." Na Moto ilikuwa inalia na kuwaka vizuri, hata mimi niliona ni nzuri.

Kiogora akanigeukia. "Wewe unaijua hii?"

"Naijua kwa macho."

"Kwa macho muda gani?"

"Miezi minane."

"Kaa."

Nyaga alisema mimi sihesabiki nikikaa. Hakusema nisikae upande wa pili. Nikampa Nthiga chaki aite zamu, nikakaa, na mikono yangu ilikuwa na jasho mpaka nikaipangusa kwa sketi.

Alinigusa raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikamgusa mimi, kwa bahati. Akasema "aha", na kuanzia hapo tukacheza bila maneno. Sijui ni saa ngapi ilikuwa, labda tisa, jua lilikuwa limefika kwenye ubao. Nilikuwa nimesimama mbali naye kidogo na sikuwa na mpango wowote. Nikasogea nusu hatua mbele, kwa sababu tu nilitaka kuwa karibu. Nikaona begani mwa mtu wake kitu kidogo sana. Sijui nikiite nini. Kama mbuzi anayetaka kuvuka shimo, kabla hajaruka, ule uzito unaoingia miguuni. Na mimi, bila kuamua, nikarudi nusu hatua. Fimbo yake ikapita pale nilipokuwa.

Sikumpiga. Nilikuwa nimeshtuka. Aliinua fimbo akarudi nayo, na mimi nimeshika pedi tu kama sufuria ya moto.

Kumbe hakuna aliyekuwa anawaita jina. Ile nusu hatua ndiyo iliyowaita. Unamwekea mwenzako kitu mbele kiwe karibu kupatikana, na tamaa yake inapoinuka, unaiona ikiinuka, unakiondoa. Njue hakuwa anaangalia fimbo hata kidogo. Alikuwa anaangalia mtu anapotaka. Na kule kutaka hakuna mwisho wake, kila mtu ana kwake, na kila mara unapoiona tamaa ya mwenzako na yako inaonekana, kwa hivyo naye anaweza kukuwekea. Batani nne. Nilitazama ule mstari wa sakafu ya daraja, ambao nimeupangusa vumbi kila asubuhi, mrefu kama kiganja changu, na ulionekana mrefu kama njia ya kwetu Kiritiri wakati wa kiangazi, ukitembea na huoni nyumba.

"Mbona hukupiga?" Kiogora akauliza.

"Nilikuwa naona."

"Umeona nini?"

Nikajaribu kumweleza. Maneno hayakutosha, nikamwonyesha kwa mkono, mbele, nyuma. Akaufuata mkono wangu kwa macho. "Fanya tena," akasema. "Polepole. Nifanye mimi mjinga."

Nikafanya tena. Akaingia tena, ingawa alikuwa anajua. Akacheka sauti ya chini, akashika kichwa, akasema kitu kwa Kimeru ambacho sikuuliza maana yake. Kisha akanifanyia mimi, nami nikaingia. Tulikaa na hiyo nusu hatua moja mchana wote. Hatukuimaliza. Tulipodhani tumeijua, mmoja wetu aliikata kuwa robo.

Nyaga alifika saa kumi na mbili na kufuli mkononi. Vijana walikuwa wametoka, Moto imezimwa. Akasimama katikati ya chumba.

"Huyu ni nani?"

"Mgeni wa Muthara," nikasema. Sikugeuka, kwa sababu Kiogora alikuwa amesogea mbele.

"Amekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Saa nne na kitu."

"Kwani Moto hakuitaka?"

"Aliimaliza kabla chai yake haijapoa."

Nyaga akaja nyuma yetu, akatazama raundi moja nzima. Kwake nadhani ilikuwa wazee wawili wakichungulia mto. "Na hii, kijana?" akauliza. "Hii umeimaliza?"

"Hii," Kiogora akasema, naye hakugeuka, "sijaianza."

Nyaga alikuwa mtu wa biashara, lakini neno lake alilishika. Aligeuza kufuli mkononi mara mbili tatu. "Fundi kesho nitampa chai arudi kwao," akasema. "Wawira, utafunga wewe?"

Nikamwambia nitafunga. Akaiweka kufuli juu ya Moto, akatoka. Pale darajani Kiogora akarudi nyuma hatua moja, kamili, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nzima, akasimama. Nikajiuliza ananiwekea nini. Nikangoja nione.